Wakuu, nilikomaa chuo mpaka kichwa kikagoma. Uzi wa vipanga na vilaza

#1 Mbebwa Mstaafu

Wakuu, habari za jioni.

Huu uzi ni kiporo cha miaka mitatu. Leo kuna mtu humu kauliza mdogo wake kapata sapu nne, yaani mitihani minne ya kurudia, afanyeje. Nimesoma majibu yote mpaka chini, na karibu kila mtu kaandika neno moja: "Akomae." Nikasema basi, ngoja nipashe kiporo changu.

Mimi nilikomaa. Naomba hilo lieleweke mapema, asije mtu kuniambia sikukaza.

Nimetoka kidato cha sita PCM, Division One ya pointi 4. Kijijini kwetu nilikuwa "kipanga". Mama alininunulia begi la matairi mnadani, la kuburuta, na njia ya kwetu ni mchanga mtupu, kwa hiyo nililibeba kichwani mpaka stendi huku matairi yakining'inia. Nikaingia uhandisi, chuo kimoja cha serikali. Mkopo nilipata, chumba sikupata. Mshikaji wa nyumbani akanibeba hosteli: chumba cha watu wanne tulilala saba, mimi na yeye mzungu wa nne kwenye kitanda cha futi tatu. Semista nzima ya kwanza nimeamka miguu ya mwanaume mwenzangu iko puani. Hiyo haikunisumbua. Tulicheka sana chumba kile.

Kilichonisumbua kilianza na testi ya kwanza ya hesabu. Nilipata 8 kati ya 20. Ya pili, 6.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mtulie. Sekondari nilikuwa mtu wa maswali, mpaka mwalimu wa fizikia akiniona nanyoosha mkono anaangalia saa. Tangu siku ya ile 8 nikahamia viti vya nyuma. Kwenye semina msaidizi wa mhadhiri anauliza, "Nani hajaelewa?" Mimi nainamia daftari kama natafuta kitu kilichodondoka. Kipanga haulizi bwana. Akiuliza watajua.

Badala yake nikawa napiga msuli mpaka saa tisa usiku. Desa lilelile, kurasa zilezile, mara nne, mara tano. Ningekuambia fomula iko ukurasa gani na doa la chai liko wapi. Kuitumia, sijui. Huko ndiko nilikokuita kukomaa.

Matokeo yalitoka saa saba usiku. SARIS, ule mfumo wa matokeo wa mtandaoni, inazunguka, inazunguka, chumba kizima kimewasha simu gizani. Yangu ikafunguka: GPA 1.9, sapu tatu. Nikazima skrini. Mshikaji akauliza, "Vipi wewe?" Nikamwambia, "Haijafunguka."

Nilisema "haijafunguka" siku tisa.

Mwaka wa pili nikaingia na keri moja, yaani somo nililofeli nikalibeba mwaka wa mbele. Usingizi ukawa unakata saa kumi alfajiri, macho yanatazama dari mpaka kunakucha. Mchana sisikii njaa. Karatasi za testi zikianza kugawiwa mikono inatetemeka, jasho linanitoka. Nilikwenda zahanati mara tatu kupima malaria. Mara tatu hakuna malaria. Ila nikirudi chumbani nasema "ni malaria," kwa sababu malaria kila mtu anaielewa, haina maswali. Mama akipiga simu, "Unaendeleaje baba?" Jibu, "Napambana mama." Mtu akishasema napambana, umuulize nini tena?

Mara ya nne nesi wa pale, mama wa makamo, hakutoboa kidole. Alinipima presha, akaniangalia, akauliza, "Umekula lini?"

Nikaanza kuhesabu. Wakuu, sikupata jibu. Nikalia pale kwenye kile kiti cha plastiki kama mtoto aliyepotea sokoni.

Akatoa karatasi yenye maswali tisa. Wiki mbili zilizopita, mara ngapi umekosa hamu ya mambo, mara ngapi umejiona umeshindwa, hivyo hivyo. Swali la tisa linauliza kama umewahi kuona ni heri ungekufa. Nikasema ndiyo. Hakushtuka. Alisimama akafunga mlango, akarudi akakaa.

Nafupisha. Mshauri wa wanafunzi, kisha kliniki ya hospitali ya mkoa, daktari akasema ni sonona, nikaanza dawa, nikaahirisha mwaka. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likasimama. Nikarudi nyumbani kumsaidia mama genge la nyanya na vitunguu, watu wakiuliza nasema chuo kina ukarabati. Mwaka uliofuata nikarudi. Nilisoma saa chache kuliko zamani. Nikaingia diskasheni ya watu ambao hakuna aliyewahi kuwaita vipanga, mmoja mwalimu wa miaka 38 aliyetoka kazini. Yule mzee anauliza swali la kijinga bila haya, anaandika jibu, anauliza lingine. Nimejifunza kusoma kutoka kwake.

Ninachotaka kusema ni hiki. Tazameni maneno yetu. Kipanga ni ndege. Kuku hasomi akawa kipanga, na kipanga akipata 8 kati ya 20 maana yake hakuwahi kuwa kipanga, alikuwa kifaranga aliyejisahau. Kilaza, yaani mzito wa masomo, naye kazaliwa kilaza. Ukishaingia chuo na jina la namna hiyo, kila testi inakupima wewe, hesabu imewekwa pembeni. Ukimwambia mtu wa hivyo "komaa", anakomaa kuficha.

Karibuni. Matusi pelekeni jukwaa la siasa.

---

#2 Chuma cha Pua

Kijana, pole, ila mnadeka. Sisi miaka ya tisini tumesoma maktaba ina kitabu kimoja watu themanini, mnapangiana zamu za usiku. Hakukuwa na mshauri wala karatasi ya maswali tisa. Tulivumilia na leo tuna familia. Mvumilivu hula mbivu.

---

#3 Mwana wa Pangani

@Chuma cha Pua shikamoo. Wale themanini mlioanza nao, walimaliza wangapi? Msihesabu majahazi yaliyoingia bandarini tu halafu mkasema bahari haina shida.

Niliishi na binti chumba kimoja mwaka wa kwanza. Semista ya tatu alifungasha akaondoka alfajiri. Godoro lake tukaligombania wiki ileile. Mpaka leo sijui alienda wapi, na nina namba yake.

---

#4 Koboko la Kilosa

Nimesoma yote sijakula. Hapo kwenye mzungu wa nne nimecheka, kwenye kiti cha plastiki nimeacha kucheka. Uzi huu mods waupige pini.

---

#5 Mwalimu wa Alasiri

Nafundisha saikolojia chuoni, nichangie kidogo, maana mleta mada kagusa kitu ambacho wenzetu wamekiandikia sana na sisi huku tumekipokea nusunusu.

Hilo la kipanga na kilaza, Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford amelifanyia kazi miongo kadhaa. Kwa ufupi: kuna anayeamini akili ni kitu ulichopewa kwa kipimo, na kuna anayeamini akili hukua kwa kazi. Wa kwanza akishindwa anaona kafichuliwa. Wa pili akishindwa anaona kapewa taarifa. Ule mfano wa ndege nitauiba darasani, samahani.

Upande wa kukomaa, Angela Duckworth na wenzake walitoa makala mwaka 2007 wakapima kile ninachokiita ung'ang'anizi, hata kwa makuruta wa chuo cha kijeshi cha West Point. Wao waliugawa sehemu mbili: kuendelea na juhudi, na kutobadilisha unachokipenda. Watu wakaupokea kama dawa ya kila kitu. Mwaka 2017 Marcus Credé na wenzake wakakusanya tafiti zilizokuwapo, zaidi ya watu 66,000, wakakuta mambo mawili. Ung'ang'anizi unafanana mno na kitu kilichojulikana zamani, yaani tabia ya mtu makini anayemaliza kazi zake. Na kinachoendana na matokeo ni ile sehemu ya juhudi zaidi; kutobadilisha unachokipenda kunachangia kidogo. Kwa hiyo mwanafunzi anayehama kozi msimwite amekata tamaa. Huenda juhudi yake imehama tu na mwenyewe.

Sasa afya ya akili. Ukiwagawia wanafunzi madodoso, mara nyingi utakuta wenye ung'ang'anizi wana dalili chache za sonona. Watu wanarukia hapo: "Mnaona? Wafundisheni kukomaa, sonona itaisha." Taratibu. Dodoso la ung'ang'anizi linauliza kama unamaliza ulichokianza. Sonona inakunyang'anya nguvu, usingizi na hamu. Mtu mwenye sonona atajibu nini pale? Ukipima siku moja huwezi kujua kama alianguka kwa sababu hakung'ang'ania, au hawezi kung'ang'ania kwa sababu ameshaanguka. Mleta mada alikuwa na juhudi ya kutosha kuendesha treni, na bado alianguka.

Dweck mwenyewe mwaka 2015 ilibidi aandike kuwarudisha walimu kwenye mstari. Walikuwa wanasifia juhudi tupu: mtoto kashindwa, anaambiwa "umejitahidi, endelea." Akasema juhudi ni sehemu tu, mtu akikwama abadili mbinu na atafute msaada kwa wengine. Someni hapo halafu rudini kwenye lile desa lenye doa la chai.

Na msitegemee muujiza. Mwaka 2019 David Yeager na wenzake walichapisha jaribio la wanafunzi wapatao 12,000 wa sekondari Marekani, somo la kwenye kompyuta lisilofika saa moja, kuhusu akili kukua. Waliokuwa chini kimasomo GPA ilipanda kama 0.1. Ni kitu, kwa saa moja. Lakini ni 0.1.

---

#6 Mbebwa Mstaafu

@Mwalimu wa Alasiri chukua mfano bure, ila ukinikuta mtaani nidai soda.

Hiyo ya "badili mbinu" ndiyo kitu pekee kilichonitoa. Niliporudi, yule mzee wa diskasheni alikuwa hasomi nadharia kwanza. Anachukua mtihani wa mwaka wa nyuma, anajaribu swali, anashindwa, ndipo anafungua kitabu kutafuta kilichomshinda. Mimi miaka yote nilifungua mitihani ya nyuma usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa semista, kama kupiga ramli.

---

#7 Wa Thika Road

Salamu kutoka Nairobi. Huku makomredi hatusemi komaa, tunasema "jikaze", na ni ugonjwa uleule.

Kuna kitu nataka muangalie. Hapa Kenya kuna shirika linaitwa Shamiri, lilianzishwa na kijana Mkenya, Tom Osborn. Walichofanya ni kuwachukua vijana waliomaliza sekondari juzi tu, wakawafunza kidogo, wakaongoza vikundi vya wanafunzi wa sekondari. Vikao vinne, saa moja kila wiki. Hawaanzi na neno ugonjwa. Wanaongea juu ya mtu kuweza kubadilika na kukua, juu ya shukrani, na juu ya yale mtu anayathamini. Jaribio lao lililochapishwa 2021 lilikuwa na wanafunzi 413, nusu wakapewa hayo na nusu wakafundishwa mbinu za kusoma. Dalili za sonona na za wasiwasi zilipungua zaidi kwa kundi la kwanza. Kwa hivyo kuna mahali hii mindset, yaani imani kwamba mtu hukua, imeshika, na ni kwetu, na aliyeongoza ni kijana rika la kaka yako.

Jina nalo nalipenda. Sisi kushamiri tumelizoea kwa ufisadi, "ufisadi umeshamiri." Kumbe hata mtu anaweza kushamiri.

Jambo la pili ni sheria. Kwetu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai mpaka Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Fikiria mtoto wa chuo anajua akisema ukweli anaweza kuandikishwa polisi. Atasema? Atasema ni malaria.

---

#8 Nesi wa Zamu

Nimeingia kwa sababu ya hiyo ya mwisho.

Huku Tanzania kifungu bado kipo kwenye Kanuni ya Adhabu, na nawasikia watu wakikiogopa. Kumwambia nesi au daktari kwamba una mawazo hayo si kosa. Narudia, si kosa. Ni dalili, kama homa ni dalili. Njoo useme. Na kama mawazo hayo yapo usiku huu, usingoje zahanati ifunguliwe: mwamshe mwenzako, nendeni hospitali iliyo wazi, msiachane.

Mengine naandika haraka, zamu inaanza.

Sio kila aliyepata sapu ana sonona. Kulia siku tatu, kukosa usingizi usiku wa matokeo, hiyo ni huzuni na inapita. Ikizidi wiki mbili, karibu kila siku, hamu imekufa, chakula hakishuki au unakula bila kuacha, hapo njoo.

Dawa za sonona hazifanyi kazi kama panadol. Zinachukua wiki kadhaa, na wiki za mwanzo unaweza kujisikia vibaya kidogo. Wengi wanaacha hapohapo halafu wanasema "nilitumia hazikunisaidia". Usiache bila kumwambia aliyekuandikia.

Kuahirisha: fanyeni kwa maandishi na mapema, mkiwa na barua ya daktari, kabla ya UE. Ukitoroka tu mitihani, chuo kinakusoma kama mtoro. Na Bodi ya Mikopo nayo ijulishwe, la sivyo ukirudi utahangaika kurudishiwa mkopo. Nimewaona wanafunzi waliopona kichwa wakaugua tena kwa karatasi.

Sala siipingi, mimi mwenyewe ni mwanakwaya. Nenda kanisani, nenda msikitini, na kliniki uende.

Kuna mabibi kule Harare, mradi ulianzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, wanakaa kwenye benchi nje ya zahanati wanasikiliza watu. Neno lao la Kishona ni kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Hawamwambii mgonjwa "una sonona". Wanamwambia unafikiri mno mwanangu, kaa hapa, tuanze na tatizo moja. Mimi nimeanza kulitumia hilo la tatizo moja. Mwanafunzi anakuja na sapu, kodi, mpenzi, baba mgonjwa. Namuuliza, kesho asubuhi tunashika lipi?

---

#9 Takwimu Tamu

Mwalimu kaongelea kuhama kozi, basi na mimi niseme. Niliacha udaktari mwaka wa pili nikaanza takwimu mwaka wa kwanza. Shangazi zangu walikaa kikao, kikao kabisa, na soda. Mmoja alisema, "Huyu alikuwa mvumilivu tangu mdogo, sijui nani kamroga." Takwimu nimeisoma miaka mitatu bila kutapika asubuhi ya mtihani. Kule udaktari nilikuwa natapika kila mtihani na nilidhani ni kawaida ya kozi ngumu.

---

#10 Chuma cha Pua

Nimesoma michango yote. Bado nasema kudeka kupo, na watoto wa sasa simu zinawamaliza.

Ila hiyo ya malaria. Kijana wangu yuko mwaka wa pili, mkoa mwingine. Semista hii ameniambia malaria mara tatu, na kila mara nimemtumia hela ya dawa.

@Nesi wa Zamu, nimpigie nimwambie nini? Akisikia sauti yangu anasema "napambana baba" halafu anakata.

---

#11 Nesi wa Zamu

@Chuma cha Pua usipige. Nenda. Usiulize GPA. Mpeleke mkale, mpe muda, kama hasemi msemee wewe kitu kilichowahi kukushinda. Nina hakika kipo, hata miaka ya tisini.

---

#12 Chuma cha Pua

Kipo.

Basi la Ijumaa.

---

#13 Kinyonga Mjanja

Mleta mada hujasema uliishia na GPA ngapi.

---

#14 Mbebwa Mstaafu

2.9. Lower Second, miaka mitano kwa kozi ya minne. Hapa nilipo nasimamia visima vya maji, na juzi kwenye saiti nimemuuliza fundi wa pampu swali moja mara tatu mbele ya watu. Begi la matairi ninalo, tairi moja limekwisha.

---

#15 mgeni_2207

Habari kaka. Nimejiunga leo ili niandike tu hapa. Niko mwaka wa kwanza, yetu yametoka jana usiku. Nimewaambia wenzangu haijafunguka. Naweza kuja PM?

---

#16 Mbebwa Mstaafu

Njoo, nipo macho. Umekula lini?